Zambarau Iliyokataa Kutokea

Naitwa Muna, na watu wa kwetu watakuambia nina kichwa kigumu. Siwezi kubisha. Mwaka 1999 nilipigana na kompyuta moja kwa wiki sita, nikaishinda, na mpaka leo ushindi ule sijui niufurahie au niujutie.

Siku hizi vijana hufungua kompyuta tatu ndani ya moja huku wanakunywa chai. Wakati ule ilikuwa kazi ya jasho. Kompyuta yangu ilikaa juu ya meza ya cherehani ya mama, sebuleni kwetu Kiganjo, Thika, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Skrini ilikuwa na kisogo kikubwa hivi kwamba meza ilibidi isogezwe mbali na ukuta. Nikiiwasha ilinguruma, balbu ya sebule ikafifia kidogo, na mama yangu, Amida, akasema neno lile lile kila mara: "Hiyo kitu itatuunguzia nyumba." Nakumbuka hata harufu yake, ya vumbi lililopata moto. Ningeinunua kwa chupa kama ingeuzwa.

Baba yangu, Abdulnasir, alikuwa mchoraji wa leso katika kiwanda kimoja cha nguo hapo Thika. Hakuwa mshonaji wala mtu wa mashine. Yeye ndiye aliyeinama juu ya karatasi kubwa na brashi na vichupa vya rangi, akachora pindo la leso na mji wake, ile sehemu ya katikati, kabla ya wengine kuichapa maelfu kwa maelfu. Jina la leso, yale maneno yanayoandikwa chini, ilikuwa kazi ya mtu mwingine na baba hakulijali kabisa. Yeye alijali rangi. Alikuwa na zambarau yake ambayo hakuna mtu pale kiwandani aliyeweza kuichanganya, nzito lakini yenye mwanga ndani, na alipenda kuiweka kando ya ile nyekundu iliyoiva tunayoita damu ya mzee. Wanawake walikuwa wakiuliza dukani, "Zile za zambarau zimeingia?" bila kujua kuna mtu Kiganjo anayesikia maneno hayo na kujichekea kwenye ndevu.

Mwezi wa tisa mwaka ule kiwanda kikaleta kompyuta. Kilonzo, mkuu wa idara ya michoro, alikuja nyumbani mwenyewe kumwambia baba, kwa sababu ya heshima. Baba ndiye aliyemfundisha kushika brashi. Wakubwa walikuwa wameamua karatasi ziishe. Mchoro wa leso za Idd ulitakiwa kwenye diski, umechorwa kwa programu ya kiwanda, rangi zikiwa sahihi. Kompyuta ya kazini ilikuwa moja na watu walipanga foleni, kwa hiyo Kilonzo alikuwa amemwombea baba ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani kwenye kompyuta yangu.

"Wiki sita, mzee," alisema. "Nitakuja niangalie kwa macho yangu. Mambo ikienda vizuri unaendelea na kazi yako kama kawaida. Ikikataa..." Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Tulijua wachoraji wawili waliokuwa wameshapewa barua ya kuachishwa kazi, saa ya ukutani na soda.

Baba aliishika CD ya programu aliyokabidhiwa na Kilonzo kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa yai. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wa mwisho wa kusomea kompyuta chuoni Juja, na nilijiona nimezaliwa kwa ajili ya siku hiyo. "Baba, niachie mimi," nikasema.

Shida ya kwanza ilikuwa hii. Programu ya kiwanda ilitaka Windows, na kompyuta yangu iliendeshwa na Linux, mfumo mwingine kabisa. Mradi wangu wa mwisho wa chuo ulikuwa humo. Mara moja nilishajaribu kuigawa diski ili mifumo yote miwili ikae pamoja, nikafuta kazi ya muhula mzima, nikalia siku mbili. Sikuwa tayari kuigusa diski ile tena hata kwa kisu shingoni.

Lakini mwalimu wetu alikuwa ametugawia programu mpya ya kujaribu, iliyotoka mwaka ule ule, ambayo kazi yake ilikuwa kujenga kompyuta ndani ya kompyuta. Si ya chuma, ya kuigiza. Unaimegea kumbukumbu kidogo na kipande cha diski, nayo inaamka, inajiona kompyuta kamili, haina habari kwamba imo tumboni mwa nyingine. Kile kijitabu cha maelezo kiliita ile ya nje mwenyeji na ile ya ndani mgeni. Nikaweka Windows ndani ya mgeni, nikaweka programu ya kiwanda ndani ya Windows. Ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga, lakini ilikwenda. Baba alijifunza kushika kipanya kwa siku tatu tu. Mkono uliozoea brashi haupotei.

Kisha akachagua zambarau yake, akajaza ua la kwanza la pindo, na kwenye skrini pakatokea uchafu. Sijui nikueleze vipi. Vidoti vya buluu na vidoti vyekundu vimebanana kama punje za pilipili, ukitazama kwa mbali unaona kijivu, ukisogea unaona chenga.

Baba aliweka uso karibu sana na kioo. "Hii si zambarau," akasema.

"Naona, Baba. Nitairekebisha."

"Hata ukichelewa hakuna neno, mwanangu," alisema taratibu. Nilidhani ananihurumia.

Wiki mbili nilihangaika. Nilibadilisha kila kitu kinachobadilishika. Kila nilipouliza ile Windows ya ndani ni kadi gani inayochora picha zake, ilinijibu jina ambalo halikuwahi kuwa kwenye kompyuta yangu, kadi ya kubuni tu. Mwisho nikaenda Ruiru kwa Ngigi.

Ngigi tulisoma naye darasa moja mwaka wa kwanza kabla hajaacha chuo akafungua kibanda cha kutengeneza kompyuta, nyuma ya duka la misumari na mabati. Mle ndani huwezi kugeuka bila kuangusha kitu. Alinisikiliza huku anapuliza vumbi kwenye feni.

"Maze Muna, shida yako ni kadi," akasema. "Hiyo kadi yako ya picha ni ya kitambo. Memory megabaiti moja? Haiwezi beba kitu. Mimi niko na ingine hapa, ilitoka kwa mashine ya ofisi fulani walikuwa wanatupa. Hiyo ni moto. Inachora hadi manyoya ya paka."

"Nikupe nini?"

"Nifunze hiyo Linux yako, tumalizane. Jumamosi nakuja naifunga mwenyewe, wewe utavunja kitu na hasira zako."

Jioni ile nikamwambia baba kwa furaha, "Ngigi analeta kadi Jumamosi!" Mama alikuwa anaosha masufuria uani. Akanyanyua kichwa.

"Kadi ya nini?"

"Ya picha, Mama."

Akarudi kwenye masufuria yake bila neno. Ningekuwa na akili ningeogopa kimya kile. Lakini mimi nilikuwa nawaza megabaiti, na mama alikuwa anawaza kadi za harusi. Miaka ile ilikuwa imeingia fasheni ya kuchapisha picha ya bibi na bwana harusi juu ya kadi. Kwa hiyo mama yangu alielewa kwamba mimi na Ngigi, kijana wa Kikuyu anayeimba kwaya kanisani Ruiru, tumeshapiga picha, tumeshachapisha kadi, na Jumamosi anakuja kumkabidhi mama mzazi kadi yake kama jirani wa mbali.

Ngigi alipofika Jumamosi alikuta sebule imefagiliwa kama ya Idd. Kati ya sebule na jikoni mama alikuwa ametundika pazia jipya, zito, la kijani. Yeye mwenyewe hakutoka.

"Hodi! Habari ya hapa, mathe?" Ngigi akaita.

"Salama," sauti ikajibu nyuma ya pazia, baridi kama bomba la asubuhi.

Tukafungua kompyuta. Ngigi alichomoa kadi ya zamani, akachomeka yake, tukawasha. Linux ikaitambua. Nikamwamsha mgeni, nikauliza tena ni kadi gani inayochora. Likatoka jina lile lile la kubuni. Zambarau ikawa ile ile ya chenga.

"Haiya!" Ngigi akashika kichwa. "Si nimeibadilisha? Kadi iko hapa, mimi naiona, na hii Windows yako inasema haiko?"

Nilitamani kutupa kila kitu nje. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akasema, "Basi, pumzikeni, mle chakula," na ningeapa kwamba uso wake ulikuwa umelegea.

Mkono ukatokea kwenye pazia. Mkono peke yake, bila mtu, umeshika sahani ya pilau. Ngigi akaipokea. Mkono ukapotea. Ukarudi na kachumbari. Ukapotea. Ukarudi na maji ya kunawa. Ngigi alikula kwa adabu sana, mgongo wima. Akaninong'oneza, "Mathe wako amenikasirikia?"

"Sijui. Kula."

"Nakula. Hii pilau ni tamu, we! Ni ya nyama gani?"

"Si uulize."

"Nitauliza nani, pazia? Mimi sijui jikoni kwenu kuko nini. Kama kuko na ng'ombe mzima, ama kuko na mchuzi tu. Mimi nakula chenye mkono imeleta."

Niliweka kijiko chini.

"Rudia," nikamwambia.

"Nimesema kitu mbaya?"

Sikuwa namsikiliza tena. Mgeni hakuiona kadi kwa sababu mgeni haonyeshwi jikoni. Hata ungemwekea kadi ya dhahabu, mgeni angeletewa tu kile ambacho mwenyeji amekipitisha kwenye pazia. Nilikuwa nimepoteza wiki mbili namkagua mgeni, wala sikuwa nimewahi kumwuliza mwenyeji yeye mwenyewe anakula nini. Nikakimbilia kompyuta na mikono ya mafuta. Linux yangu, tangu siku niliyoiweka, ilikuwa imepangwa kuonyesha rangi mia mbili hamsini na sita basi, kwa sababu kadi ya zamani haikuweza zaidi kwa ukubwa ule wa picha. Mgeni angetoa wapi zambarau katika nyumba ambayo mwenyeji mwenyewe hanayo?

Ile kadi ya Ngigi ilikuwa na nguvu. Nikafungua faili la mpangilio, nikampandisha mwenyeji hadi rangi milioni kumi na sita, nikawasha upya, nikamwamsha mgeni. Yeye bado aliamini ana kadi yake ya kubuni, maskini. Lakini nilipojaza lile ua, zambarau ilitoka nzima, laini, imetulia pale kando ya damu ya mzee kana kwamba haijawahi kusumbua mtu.

Nilipiga kelele. Ngigi akapiga kelele. Pazia likafunguka, mama akatoka na mwiko mkononi na kusema, "Haya, nionyesheni hiyo kadi na mimi niione, maana naona nimekuwa wa mwisho kujua!"

Ngigi, masikini ya Mungu, akampa ile kadi ya zamani aliyoichomoa. Mama aliigeuza huku na huku, kipande cha plastiki ya kijani chenye miguu ya shaba, akitafuta picha yangu. Alipoelewa alikaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso yake, na tangu siku ile Ngigi alikula kwetu ndani kabisa, jikoni, kwenye kigoda, kama mwana wa nyumba. Jumamosi zile ndizo ninazozikumbuka nikisema nilikuwa na ujana.

"Baba!" nikaita. "Njoo uone zambarau yako."

Baba alisimama, akaja, akainama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Bado," akasema.

Nilicheka, nikidhani ni utani.

"Bado, Muna. Imekufa. Imeingia hudhurungi."

Tangu hapo nikaingia vita vya pili, vya mtu na baba yake. Kila siku nikitoka Juja nilirekebisha. Nilipandisha mwanga, nikashusha. Niliazima skrini nyingine kwa Ngigi, nikaibeba kwa toroli kutoka stendi. Nilichukua leso ya mama ya zambarau, ambayo baba mwenyewe aliichora, nikaishikilia kando ya kioo nikalinganisha mpaka macho yakaniuma. Zikawa sawa. Ngigi akasema ziko sawa. Mama alikuwa ametokea kuwa na kazi nyingi jikoni kila nilipouliza. Na baba, bila kupaza sauti, alisema bado. Leo imefifia, kesho imekuwa nyeusi. Nilianza kumkasirikia, na naona aibu kuliandika. Nilimwambia usoni kwamba hapendi kompyuta na anatafuta sababu.

"Huenda," alijibu, na kuendelea kuchora. Kwa kuchora hakuwa na mpinzani. Maua ya pindo lile yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Alimaliza mchoro mzima, akaniachia nijaze rangi kama alivyoniandikia kwenye karatasi.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa kumi Kilonzo akaja saa tisa mchana. Nilikuwa nimeomba Mungu stima isipotee, na haikupotea. Nikawasha, nikamfungulia mchoro. Kilonzo alivua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Hii ni kazi," akasema. "Hii ni kazi, mzee." Kisha akageuka. "Na rangi? Wewe unaionaje?"

"Bado," alisema baba kutoka kwenye kiti chake. "Zambarau haijakaa. Imekuwa hudhurungi."

Kilonzo alitazama skrini, akamtazama baba, akajikuna shingo. "Mimi naona kama iko sawa. Lakini kwa zambarau mimi ni nani mbele yako?" Akafikiri. "Sikiza, mzee. Huu mpango wa kompyuta ndani ya kompyuta, mimi tangu mwanzo nilikuwa na wasiwasi nao. Ni vitu vya kuigiza. Nitawaambia wakubwa shida ni mashine, mzee hana makosa. Nikuombee uendelee na karatasi mpaka mwaka ujao tupate kompyuta nyingine nzuri. Watakubali."

Mimi nilisimama.

"Mashine yangu haina shida!" Nikachukua leso ya mama, nikaibandika kwenye kioo. "Angalia! Hii na hii ni rangi moja! Wiki sita nimekaa hapa!"

"Usikasirike, binti," Kilonzo alisema kwa upole wa kweli. "Wewe bado ni mwanafunzi. Umejaribu."

Umejaribu. Angenitukana ningemjibu, mdomo ninao. Kwa neno lile nilikaa kwenye stuli, na mimi ambaye silii mbele za watu nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto aliyenyang'anywa, leso ya mama usoni.

Nikasikia kiti cha baba kinalia.

"Baba Muna," mama akasema. Alikuwa mlangoni mwa jikoni. "Baba Muna, tafadhali. Nyamaza tu."

"La, Amida. Mtoto amefanya kazi yake." Alikuja akasimama nyuma yangu, nikausikia mkono wake begani. "Kilonzo, mashine ni nzima. Haina kasoro hata moja. Ni macho yangu."

Ile kompyuta tu iliendelea kunguruma.

"Presha ya macho," baba akasema. "Tangu mwaka jana. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Zambarau ndiyo iliyotangulia. Hiyo na damu ya mzee kwangu sasa ni kitu kimoja. Kazini nilikuwa naenda kwa mpangilio wa vichupa tu, Amida ananiandikia kipi ni cha rangi gani. Kawaambie wakubwa hivyo. Na uwaambie kazi ya rangi imefanywa na binti yangu, na iko sawa."

"Mzee," Kilonzo alisema, akivua miwani tena. "Ungeniachia niseme ni mashine."

"Ningekuachia. Wiki sita nilikuwa naomba isipone." Akanipapasa bega. "Sasa ningefanyaje? Imepona."

Kilonzo alichukua diski yenye mchoro. Alimpa baba mkono kwa mikono miwili, akainama kama anavyoinamiwa mzazi, akatoka bila kunywa chai. Mama alimsindikiza mpaka barabarani na hakurudi haraka.

Tulibaki wawili. Nilikuwa nimefanya hesabu yote kichwani: lile "bado" la baba, kila siku, halikuwa dharau, lilikuwa la mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe, na mimi nilikuwa nausukuma kwa bega huku nikijisifu. Kama ningekuwa mjinga kidogo zaidi, au mvivu kidogo zaidi, baba yangu angekwenda kazini Ijumaa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza. "Ningeiacha ilivyokuwa."

"Ulikuwa na furaha sana na vita vyako," alisema, na akacheka kidogo. "Sikuwa nimekuona hivyo tangu udogo." Akavuta stuli ya pili, akakaa, uso karibu na kioo, kisha akaurudisha nyuma kama mtu aliyekata tamaa ya kuchungulia. "Haya. Niambie imekaaje."

Utamwelezaje zambarau mtu aliyekufundisha zambarau? Nikamwambia nilichokuwa nacho. Nikamwambia kwamba kwenye kompyuta kila rangi ni namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja inaanzia sifuri na kuishia mia mbili hamsini na tano.

"Basi nisomee hizo."

"Nyekundu mia moja na kumi. Kijani thelathini. Buluu mia moja arobaini."

Alifumba macho. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kuzunguka polepole juu ya goti, kama anavyochanganya.

"Umelinganisha na leso ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Hiyo imefuliwa miaka saba, Muna. Nyekundu imezidi. Punguza kama ncha ya kijiko."

Sikujua ncha ya kijiko ni namba ngapi. Nikapunguza kumi na mbili, nikabonyeza, nikatazama. Na hapo kwenye kioo, nzito na yenye mwanga ndani, ikatokea zambarau yenyewe, ile niliyokuwa nikiiona imening'inia madukani nikiwa nimeshikwa mkono na baba, na sikuwa nimegundua mpaka dakika ile kwamba kwa wiki zote sita sikuwa nimeipata.

"Vipi?" akauliza, macho bado amefumba.